Kilomita 471, dakika 35 au saa moja na nusu? Umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natarajia kusafiri kati ya miji miwili ya mikoani, kila mmoja una kiwanja chake kidogo cha ndege. Nimetafuta umbali mtandaoni nikapata majibu matatu: 471, 293 na 254. Muda nao ni vurugu tupu. Tovuti moja inasema dakika 35, nyingine saa 1 na dakika 5, na tiketi yenyewe inasema saa 1 na dakika 25 kwenda, saa 1 na dakika 15 kurudi. Ndege ni ileile, viwanja ni vilevile. Kwa gari naambiwa ni kilomita 640. Nani anasema kweli? Na je, kuna ubaya nikipanga kikao saa moja baada ya muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi?

JIBU: Ndugu yangu, hakuna aliyekudanganya. Kila namba uliyoiona ni jibu sahihi la swali fulani, ila waliokupa majibu hawakukuandikia swali lenyewe pembeni. Tuanze na umbali, maana huo unahesabika ukaisha. Muda ndio wenye mambo.

Namba zako tatu ni umbali mmoja uliovaa nguo tatu. 471 ni kilomita. 293 ni maili za nchi kavu, zile za mita 1,609. Na 254 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani na waongoza ndege wanazotumia hadi leo. Maili ya baharini ina mita 1,852 kamili, kipimo kilichokubaliwa kimataifa kwenye mkutano wa Monaco mwaka 1929. Zidisha 254 kwa 1.852 utajikuta umerudi kwenye kilomita 470 na ushei, na huo ushei umepotea tu kwenye kukata desimali.

Watu huuliza kwa nini wanaanga wang'ang'anie kipimo cha mabaharia. Sababu yake naipenda. Maili moja ya baharini ni takriban dakika moja ya latitudo, na kila nyuzi moja ina dakika 60. Ukiambiwa kiwanja kimoja kiko nyuzi 3 kaskazini mwa kingine, longitudo ikiwa ileile, umeshajua kuna maili 180 kati yao kabla hujashika kalamu. Ramani yenyewe inakuwa rula. Ndiyo maana na kasi ya ndege husomwa kwa maili za baharini kwa saa, na ukisikia rubani akitangaza umbali uliobaki kwa maili, jua ni hizo.

Sasa hiyo 471 imetoka wapi? Kila kiwanja kina nukta yake rasmi kwenye ramani, kwa kawaida karibu na katikati ya barabara ya kurukia, na nukta hiyo ina latitudo na longitudo. Hukunitajia viwanja vyako, kwa hiyo nitatumia viwili vya kubuni vyenye umbali uleule: kimoja kiko latitudo 40 kaskazini, kingine 43 kaskazini, na longitudo zao zinapishana kwa nyuzi 4. Hesabu hii unaweza kuifanya nyuma ya bahasha.

Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111.2, popote ulipo. Kwa hiyo kutoka 40 hadi 43 ni 3 mara 111.2, unapata 333.6. Longitudo ina ujanja wake, kwa sababu mistari yake hubanana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, kama vipande vya chungwa lililomenywa. Kwenye Ikweta nyuzi moja ya longitudo ni hizohizo kilomita 111. Ukifika latitudo 60 imebaki nusu yake. Kwenye ncha imekwisha kabisa. Dawa yake ni kuzidisha kwa kosini ya latitudo ya katikati, hapa 41.5, ambayo ni 0.749. Nyuzi 4 mara 111.2 mara 0.749 ni 333.1. Sasa una pande mbili za pembetatu mraba. Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kama tulivyofundishwa kwa jina la Pythagoras. Jibu ni kilomita 471.4.

Vikokotoo vya mtandaoni hutumia kanuni ndefu zaidi, inayofuata mgongo wa dunia badala ya pembetatu bapa, ikichukua dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Kwa nukta zetu mbili inatoa 471.3. Umeona? Tofauti ni mita mia hivi, pungufu sana ya urefu wa barabara yenyewe ya kurukia. Ile ya bahasha inatosha kabisa kwa safari za mamia ya kilomita, ila usiipeleke kwenye safari ya kuvuka bahari, huko itakupoteza. Na kama unataka kuwa mkali zaidi, dunia si tufe hasa, imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo ni kilomita 6,378 kwenye Ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kosa linaloletwa na hilo ni kama nusu ya asilimia likizidi sana. Kwa safari yako hiyo ni kilomita mbili na kidogo. Ukiona tovuti moja imeandika 471 na nyingine 472, usipoteze usingizi.

Makosa yanayouma kweli ni mengine, tena ya kitoto. La kwanza ni kuchanganya dakika za nyuzi na desimali. Kiwanja kilichoandikwa nyuzi 40 na dakika 30 kiko 40.50, hakiko 40.30. Anayekosea hapo amehamisha kiwanja kilomita 22, na hatajua, kwa sababu jibu litakalotoka bado linafanana na ukweli. La pili ni kusahau alama ya kutoa kwa kiwanja kilicho kusini mwa Ikweta au magharibi mwa longitudo sifuri. Hilo afadhali, maana jibu huwa la ajabu kiasi kwamba unashtuka mwenyewe.

La tatu ni majina. Tovuti nyingi hupima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, si kutoka kiwanja hadi kiwanja, na kwa viwanja vidogo tofauti inaweza kuwa kubwa. Kiwanja cha Frankfurt-Hahn huko Ujerumani kimebeba jina la jiji, lakini ukishuka hapo una mwendo wa kilomita kama 120 kwa barabara hadi Frankfurt yenyewe. Kuna majina pacha pia. Wako wasafiri waliojikuta wametua Sydney ya Kanada ilhali safari yao ilikuwa ya Sydney ya Australia. Ya Kanada ina kiwanja kidogo kabisa cha mkoani, na alama yake ni YQY. Ya Australia ni SYD. Ukitafuta umbali, tafuta kwa zile herufi tatu zilizo kwenye tiketi, si kwa jina la mji.

Kuhusu kilomita 640 za gari, barabara hufuata mabonde, madaraja na miji ya njiani, kwa hiyo kuzidi mstari wa angani kwa theluthi moja ni jambo la kawaida. Hapo hakuna fumbo.

Lakini na ndege nayo hairuki zile 471. Hili ndilo watu wengi hawalijui, na ndipo muda unapoanza kuvimba.

Barabara ya kurukia ina pande mbili tu, na ndege hupaa ikiukabili upepo. Tuseme unakwenda magharibi na upepo siku hiyo unatoka mashariki. Ndege itapaa ikielekea mashariki, mgongo ukiwa umeelekezwa kule unakokwenda, ipande hadi urefu ulio salama, kisha igeuke nusu duara na kuanza safari. Ukikaa dirishani utaona mji ule ule mara mbili, kwanza upande mmoja, halafu upande wa pili. Upande wa kutua mambo ni hayohayo kinyumenyume: rubani anatakiwa kuinyoosha ndege sawasawa na barabara maili kadhaa kabla ya kugusa ardhi, na kama umekuja kutokea upande usiofaa, utapita kwanza pembeni ya kiwanja, ukione kabisa pale chini, halafu uendelee mbele na kugeuka. Katikati ya safari kuna njia za anga zenye vituo vyake, kuna maeneo ya kijeshi yasiyokatizwa, kuna milima, kuna mawingu ya radi ambayo rubani mwenye akili zake huyazunguka. Ukijumlisha, safari ya 471 kwenye karatasi huwa kama 500 na kidogo hewani. Nitachukua 505.

Sasa tuzishike zile dakika zako 35. Aliyezitoa amegawanya kilomita 471 kwa 800, kasi ya ndege ya jeti ikiwa juu angani imetulia. Ni kana kwamba ndege ilizaliwa angani, ikapita juu ya kiwanja cha kwanza na cha pili bila kupunguza mwendo. Huyo wa saa 1 na dakika 5 amechukua dakika 35 zilezile akaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Amefanya vizuri. Kanuni ya kuongeza nusu saa ni nzuri kuliko inavyoonekana, nami huitumia nikiulizwa ghafla. Kosa lake ni moja: amekupandisha jeti, na wewe kwa muda ulioandikiwa hupandi jeti.

Viwanja vidogo vya mikoani huhudumiwa zaidi na ndege za pangaboi, zile zenye mapanga yanayozunguka mbele ya injini. ATR 72, iliyo maarufu kuliko zote kwa safari za namna hii, hutembea karibu kilomita 500 kwa saa ikiwa juu. Dash 8-400 ina mbio zaidi, hukaribia 650. Cessna Caravan yenye injini moja haivuki 350. Gawanya 471 kwa 500: dakika 57. Ongeza nusu saa: saa 1 na dakika 27. Tiketi yako imesema saa 1 na dakika 25. Umeona fumbo linavyofunguka? Tovuti haikukosea hesabu, ilikosea ndege.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye dawati la mipango ya safari za ndege, kwa hiyo niruhusu nikupitishe ndani ya hizo dakika 85, maana ukiziona moja moja hutazilalamikia tena.

Saa huanza kuhesabiwa pale vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa na ndege inapoanza kusogea, si inapopaa. Kwenye kiwanja kidogo mara nyingi hakuna barabara ya kiungo inayokwenda sambamba na ile ya kurukia. Ndege huingia kwenye barabara yenyewe ya kurukia, ikatambaa hadi mwisho wake kama gari linalotafuta pa kugeuzia, ikageuka pale kwenye duara la lami lililopanuliwa, ikasimama. Wakati huo hakuna ndege nyingine inayoweza kutua wala kupaa. Kwa haya yote weka dakika 7. Kupanda hadi futi 18,000 huchukua robo saa, na kwa kuwa ndege inapanda kwa mwendo wa pole, robo saa hiyo inakula kilomita 85 tu. Kisha inalala sawa na kushika kasi yake ya 500.

Halafu inabidi ishuke, na kushuka huanza mapema kuliko abiria anavyodhani. Marubani wana kanuni ya tatu kwa moja: kila futi elfu moja za kupoteza zinahitaji maili tatu za baharini. Futi 18,000 ni maili 54, yaani kilomita 100 kabla ya kiwanja. Utausikia muungurumo wa injini ukilegea, masikio yakaanza kuziba, na wewe ukitazama nje huoni mji wowote. Kushuka, kuzunguka na kujipanga na barabara, weka kilomita 113 na dakika 20. Kati ya kilomita 505 zimebaki 307 za mwendo kamili, ambazo ni dakika 37. Ukitua, dakika 4 za kutambaa hadi kwenye maegesho. 7, 15, 37, 20 na 4 ni dakika 83. Shirika limeongeza mbili likaandika 85.

Tazama hapo: katika dakika 83, ndege ilikuwa kwenye kasi inayotangazwa na watengenezaji kwa dakika 37 pekee. Ndiyo sababu kwa safari fupi jeti haina faida kubwa kama watu wanavyodhani. Jeti ingekuokolea kama dakika ishirini tu, ikiteketeza mafuta mengi zaidi, na ndiyo maana mashirika hayana haraka ya kuleta jeti kwenye njia za kilomita 400 au 500. Abiria hudai jeti kwa sababu inaonekana ya kisasa. Mimi kwa safari ya chini ya saa moja na nusu sioni cha kugombania.

Kanuni ya nusu saa ina mwisho wake pia. Huko visiwa vya Orkney, Uskoti, kuna safari ya ndege ya ratiba kati ya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7 tu. Ratiba imeipa dakika 2, na rekodi yake ni sekunde 53. Mahali kama hapo ndege haipandi, haitulii, wala haishuki kwa maana ya kawaida. Inavuka tu mkondo wa bahari. Ukiongeza nusu saa utachekwa.

Tuje kwenye swali lako la kurudi, kwa nini ni pungufu kwa dakika 10. Upepo. Ndege haitembei juu ya ardhi, inatembea ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Mabaharia wetu wana neno lake: upepo unaokujia usoni ni upepo wa omo, na kila nahodha wa jahazi anajua maana ya kukutana nao. Tuseme kuna upepo wa kilomita 50 kwa saa, ambao huko juu ni upepo wa kawaida sana. Ukienda nao usoni, ile 500 ya ndege inakuwa 450 juu ya ardhi, na kilomita 470 zinachukua dakika 63. Ukirudi nao mgongoni unatembea 550, dakika 51. Tofauti dakika 12. Shirika hupanga ratiba kwa kutazama upepo unaotawala msimu huo, na kwako limeona 10 zinatosha.

Hapa kuna jambo ambalo hata wenye hesabu zao hulikosea: upepo wa kwenda na kurudi haujifuti. 63 na 51 ni 114. Bila upepo kwenda na kurudi ni 113. Utasema dakika moja ni nini, lakini ongeza upepo hadi 150 uone: kwenda dakika 81, kurudi 43, jumla 124. Unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya upepo mzuri, ndiyo sababu. Na upepo wa ubavuni nao hauachi salama. Ndege hulazimika kuelekeza pua kidogo upande unakotoka upepo, kama mtumbwi unaovuka mto wenye mkondo, na sehemu ya nguvu zake hupotelea huko.

Pangaboi huumia zaidi na upepo kuliko jeti. Kilomita 50 ni sehemu ya kumi ya kasi ya ATR, ilhali kwa jeti ya 800 ni kama asilimia 6. Bahati yake ni kwamba hutembea chini zaidi, mbali na ile mikondo mikali ya juu inayosukuma jeti kubwa kutoka magharibi kwenda mashariki.

Je, muda wa tiketi uaminiwe? Ndiyo, kwa kupangia safari hakuna namba bora kuliko huo, kwa sababu umetoka kwa mtu anayejua ndege, kiwanja na msimu. Ila fahamu vitu viwili. Mashirika hutia dakika za akiba ndani yake ili ndege ikichelewa kidogo bado ihesabiwe imewahi. Usishangae rubani akitangaza kwamba mmefika dakika kumi kabla ya wakati ilhali hakukimbiza ndege. Na kwa takwimu za mashirika mengi, ndege iliyofika ndani ya dakika 15 baada ya muda wake bado huandikwa imefika kwa wakati. Wewe na shirika mnaweza kuwa na maana mbili tofauti za neno hilo.

Kisha kuna kusubiri angani. Kama kuna ndege nyingine inatumia barabara, mtaambiwa mzunguke. Mzunguko wa kawaida una umbo la uwanja wa mbio: dakika moja ya kugeuka, dakika moja ya kunyooka, dakika moja ya kugeuka tena, dakika moja ya kunyooka. Dakika 4 kwa duru. Ukikaa dirishani ukaona jua limehama upande likarudi, tayari umekula duru nzima.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaenda mbali: kikokotoo hakijui kama ndege ipo. Kitakupa umbali na muda kati ya viwanja vyovyote viwili duniani, hata kama hakuna shirika linaloruka moja kwa moja kati yake. Kwa viwanja vya mikoani hili ni la kawaida mno. Watu wawili walio kilomita 471 kati yao hulazimika kupitia kiwanja kikubwa ambacho hakiko njiani, na safari ya saa moja na nusu inageuka nusu siku. Kwako, kama tiketi ina namba moja ya safari na kutua mara moja, umesalimika. Wengine waliosoma hapa wahakikishe hilo kwanza.

Muda wa kupaa na wa kufika huandikwa kwa saa za mahali husika, kila kiwanja na saa zake, kwa hiyo kutoa mmoja kwa mwingine hakukupi muda wa safari kama mpaka wa majira ya saa uko katikati. Mfano mkali kuliko yote ni Apia ya Samoa na Pago Pago ya Samoa ya Marekani. Visiwa ni jirani, ndege ndogo huruka chini ya saa moja, lakini Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011 na kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Ukitoka Apia Jumanne unatua Pago Pago Jumatatu. Na kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili, tiketi iliyoandika 07:10 inamaanisha saa moja na dakika kumi asubuhi. Nimeshuhudia msomi mzima akiikosa ndege kwa kuisoma saa saba.

Sasa kikao chako. Muda wa kufika ulioandikwa ni muda wa ndege kusimama kwenye maegesho, kwa hiyo kutambaa baada ya kutua kumeshahesabiwa. Lakini bado mlango kufunguliwa, kutembea hadi jengoni, mzigo, na usafiri wa kuingia mjini. Ukiweka robo saa ya uchelewaji ambao shirika halihesabu kuwa ni uchelewaji, na dakika 20 za mzigo, umebakiwa na dakika 25 za barabarani, na hujakutana na foleni hata moja. Saa moja ni kujitafutia presha. Weka saa mbili, au panda ndege ya kwanza ya asubuhi. Ndege ya njia fupi huruka safari tano au sita kwa siku, na uchelewaji wa safari moja hurithiwa na inayofuata. Ya asubuhi haina cha kurithi. Dosari yake ni ukungu, ambao hupenda saa hizohizo, kwa hiyo kama unakokwenda kuna ziwa au bonde lenye ukungu wa alfajiri, chukua ya pili.

Tazama pia kwenye maelezo ya tiketi herufi za aina ya ndege. AT7 ni ATR 72, DH4 ni Dash 8-400, E90 ni jeti ya Embraer 190. Ikiwa yako ni AT7 kama ninavyodhani, usichukue kiti cha mbele ukidhani utatangulia kushuka. Abiria wa ATR hupandia na kushukia mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Mbele ni mizigo. Omba safu za mwisho, beba begi dogo linaloingia chini ya kiti, na utakuwa umeshatoka jengoni wakati wa mbele bado wamesimama kwenye ujia wakisubiri.